Hakimu wa Mechi 162

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu tulizoea kumhukumu mchezaji kwa utaratibu. Ligi Kuu ina mechi 30 kwa msimu, hivyo mshambuliaji wa Coastal Union akikosa bao la wazi Jumamosi, tunamsema Jumapili, tunamrudia barazani Jumatatu na Jumanne, na ikifika Alhamisi hasira zimepoa, mtu amekumbuka kwamba mama yake ni jirani wa shangazi, na kesi imekwisha. Huku Chicago, ambako shemeji yangu aliniingiza katika ushabiki wa besiboli kabla sijajua hata njia ya kwenda dukani, nafasi hiyo haipo. Timu hucheza mechi 162 kwa miezi 6, karibu kila siku ya Mungu, na mchezaji uliyelala ukimlaani unaamka unamkuta yuko tena uwanjani, nawe hujafika hata nusu ya laana ya jana.

Timu yetu ni White Sox ya upande wa kusini wa jiji, mabingwa wa mwaka 2005, jambo ambalo shemeji hulitaja kila tunapoishiwa la kusema. Jina hilo maana yake ni Soksi Nyeupe, na mke wangu alinionya mapema kwamba kazi ya soksi ni kupotea. Sikumsikiliza. Msimu wa 2024 ulipokaribia nilinunua daftari, nikaliweka juu ya friji, nikampa kila mchezaji ukurasa wake, kwa nia njema kabisa ya kutoa alama kwa haki.

Timu ikaanza kwa kushinda mechi 3 na kupoteza 22. Kufikia hapo daftari, ambalo nilikuwa nikiliandika kwa wino, lilikuwa limejaa mikato kama daftari la deni la muuza duka, nikalazimika kuhamia kwenye penseli na ufutio.

Ukurasa ulioteseka kuliko yote ni wa Andrew Benintendi. Huyu alisajiliwa kwa dola milioni 75 za miaka 5, mkataba mkubwa kuliko wowote ambao klabu hiyo ilikuwa imewahi kuutoa, na kila alipokosa mpira shemeji alitoa simu na kupiga hesabu kosa hilo limegharimu magunia mangapi ya mchele. Nikampa sifuri, na nikaamini nimemhurumia. Kisha joto la kiangazi likaja, naye akaanza kuupeleka mpira nje ya uwanja, jambo ambalo katika besiboli ni sawa na kufunga bao, hata akamaliza msimu ameupeleka huko mara 20. Usiku akiupiga nafuta sifuri naandika 8; kesho akikosa nafuta 8 naandika 2; keshokutwa namwomba radhi kimoyomoyo na kuandika 9. Mwishowe karatasi ikatoboka, na katika tundu hilo likachungulia jina la ukurasa uliofuata, Garrett Crochet, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nasema hakuwa na kosa, lakini tulimtafutia. Mrushaji huyu wa mkono wa kushoto, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza wa kuanzisha mechi, aliwakosesha wapigaji 209 mipira mitatu mitatu mpaka wakarudi benchi wakitazama viatu vyao. Katika nusu ya pili ya msimu uongozi ulikuwa ukimpumzisha mapema ili mkono wake usiumie, nasi, tukiwa tumejinyoosha kwenye kochi na sahani ya bajia kifuani, tukaamua kwamba kijana hana pumzi.

Uonevu huu unanisumbua zaidi nikikumbuka kwamba katika besiboli mpigaji anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 huitwa nyota na hulipwa kama nyota. Mimi napakia mizigo ghalani zamu ya usiku. Nikiingiza maboksi 7 kati ya 10 katika lori lisilo lake, hata mlinzi wa getini hataitikia kwaheri yangu.

Kuanzia tarehe 10 Julai mpaka tarehe 5 Agosti timu ilipoteza mechi 21 mfululizo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata Kiswahili cha nyumbani kwangu kimeharibika. Timu ikishinda, shemeji husema “tumeshinda.” Ikipigwa, husema “wamepigwa,” na ikizidi kupigwa husema “hao watu wako wamepigwa,” kana kwamba si yeye aliyenivalisha kofia yao. Tarehe 6 tukashinda kule Oakland, “tu” ikarudi kwa kelele, na siku 2 baadaye kocha akafutwa kazi. Mpishi ameunguza masufuria 21 mkamvumilia, wali umeiva, mnamfukuza!

Mwishoni mwa Septemba timu ikawa imepoteza mechi 120, sawa na New York Mets ya mwaka 1962, na ikipoteza moja tu zaidi itakuwa imepoteza nyingi kuliko timu yoyote katika msimu mmoja tangu mwaka 1900. Nikanunua tiketi za mechi zote tatu za nyumbani dhidi ya Angels, kwa sababu historia haipiti mlangoni mwa mtu kila siku. Jumanne, katika kipindi cha 8, Benintendi akapiga mpira ulioleta ushindi. Jumatano, katika kipindi cha 10, akarudia. Nilisimama pale na tiketi mkononi nikimzomea mchezaji wangu mwenyewe kwa kufanya kazi aliyolipwa kuifanya. Alhamisi wakashinda 7 kwa 0, na nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

“Tumeshinda,” nikamjibu, nikaenda kulala bila kula.

Ijumaa, tarehe 27, timu ilikuwa Detroit, mimi nilikuwa ghalani. Simu ikaita nikiwa na boksi begani, na kabla sijasema haloo nikamsikia shemeji akipiga ukelele:

“Shemeji! Tumevunja rekodi!”

Tangu Aprili sikuwahi kumsikia akitumia “tu” siku ya kupigwa.