Karanga Mbovu Huishia Kwenye Uji wa Mtoto

Pita soko lolote la Dodoma mwezi wa sita au wa saba, karanga zikiwa zimeshamiri, uangalie zinavyopangwa. Mbele ya meza zimekaa zile nene, ngozi inang'aa: za kukaanga, za wateja wa Dar es Salaam, za wenye uwezo. Pembeni kuna za wastani. Halafu kuna kiroba kilichokunjwa mdomo, mara nyingi kiko chini ya meza, chenye zilizosinyaa, zilizopasuka, na nyingine zina madoa ya ukungu wa kijani. Uliza hizo ni za nini. Utajibiwa bila kuficha chochote: "Hizo za kusaga, dada."

Za kusaga maana yake ni za kuungia mlenda na mchicha. Na ni za unga wa lishe.

Kwa miaka sasa, kila semina ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga na mahindi, ninayoisikia inaishia kwenye neno moja: elimu. Mkulima apewe elimu, mama apewe elimu, jamii ihamasishwe. Siipingi elimu. Ila yule mama wa sokoni anajua vizuri kabisa karanga ipi ni nzuri na ipi ni mbovu, ndiyo maana amezitenga na kuzipa bei tofauti. Anachojua zaidi ni kwamba mbovu nayo ina mnunuzi. Kadiri punje mbovu itakavyokuwa na mnunuzi, itaendelea kuliwa, na mlaji wake atakuwa yule ambaye hela yake haifiki kwenye meza ya mbele.

Kwa asiyeifahamu, sumukuvu hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Anaishi udongoni, anapenda joto, na hupata nafasi zaidi mmea ukipigwa na ukame au mazao yakihifadhiwa na unyevu. Dunia ilimshtukia mwaka 1960 huko Uingereza, pale vifaranga zaidi ya 100,000 wa bata mzinga walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni haiogopi. Chemsha uji saa nzima, itakuwepo. Nyingi kwa mpigo huua ini na mtu kwa siku chache. Kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hiyo hupanda mara nyingi zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao huku kwetu si wa kutafuta kwa tochi.

Vifo tumeviona. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na wakafa 125 kwa kula mahindi yao wenyewe. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Hawakula chakula cha msaada wala cha magendo. Walikula yaliyomo ndani, waliyolima kwa jembe lao.

Baada ya 2016 yapo yaliyofanyika, na haki yake isemwe. Ulikuja mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, wenye fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, maghala yamejengwa. Dawa ya kibaiolojia ya Aflasafe ilisajiliwa nchini mwaka 2018. Inamwagwa shambani ili kuvu asiye na sumu amzidi nguvu mwenye sumu. Mifuko isiyopitisha hewa inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Lakini mfuko mmoja wa aina hiyo bei yake ni ya kiroba cha kawaida mara kadhaa, na kwa mkulima wa magunia manane hesabu inaanza na ada ya mtoto, siyo na mfuko.

Tukae kidogo kwenye jambo ambalo wataalamu hulipita haraka: kubangua karanga. Karanga iliyokauka sawasawa ina ganda gumu. Kubangua debe moja kwa vidole ni kazi ya kutwa, na jioni ncha za vidole zinawaka moto. Kwa hiyo akina mama hunyunyizia maji ili ganda lilainike. Wengine huloweka kabisa. Kisha punje hiyo yenye unyevu inaingia kwenye kiroba, inashonwa, inasubiri dalali wa wiki ijayo. Hapo kuvu amepewa nyumba, chakula na kitanda. Unaweza kumfundisha mama huyo madhara ya kulowesha mpaka akariri, lakini vidole ni vyake na kubangua ni lazima. Kinachoondoa maji kwenye karanga zake ni mashine ndogo ya kubangulia, ile ya kuzungusha kwa mkono, ikae kijijini watu waitumie kwa zamu. Semina moja ya siku mbili hotelini, ukijumlisha posho, chai na mafuta ya gari, ingenunua ngapi?

Tuna ruzuku ya mbolea, nayo ni jambo jema. Inaongeza magunia. Lakini sijawahi kuona foleni ya ruzuku ya turubai. Mahindi yanaanikwa chini, kwenye udongo uleule anapoishi kuvu. Mvua ya kushtukiza ikija yanakusanywa kwa fagio, na yanaingizwa ndani yakiwa yamelowa. Yaani serikali inamsaidia mkulima kuvuna zaidi, halafu inamwachia wiki tatu za hatari zaidi kwa msimu mzima apambane peke yake.

Sasa nirudi kwenye uji. Unga wa lishe umekuwa kama dini ndogo mijini na vijijini. Mahindi, karanga, soya, ulezi, mchele, ngano, wengine wanatia na dagaa, na pakiti inaandikwa "nafaka saba" kwa fahari. Mtoto wa miezi sita anaanzishiwa huo, asubuhi na jioni, kila siku. Naelewa kwa nini. Kwenye utafiti wa afya wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolisha wengine, walivuka nusu. Mama anayesikia hivyo lazima atafute kitu chenye neno "lishe" juu yake.

Ila tazama kinachotokea. Mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu, na ndiyo msingi wa unga huo. Mtoto anakula chakula kimoja kilekile kwa miezi, mwili wake mdogo, kwa hiyo kiasi ambacho mtu mzima angekibeba kwake ni kikubwa. Na vikishasagwa, jicho la mama halina kazi tena. Punje mbovu ukiiona kwenye ungo unaitoa. Ikiwa unga, humjui nani ni nani. Kama sumukuvu yenyewe hudumaza watoto, na kwa kiasi gani, watafiti bado wanabishana. Mimi sihitaji wamalize ubishi huo ndipo nikatae kumpa mtoto sumu inayojulikana kwa saratani ya ini.

Ushauri wangu kwa mzazi, kwa sababu najua kuna anayesoma hapa akiwa na pakiti mezani: nunua nafaka nzima, chambua mwenyewe kwenye mwanga wa jua, peleka mashine ukiwa umesimama pale pale. Chambua bila huruma. Sumu haigawanyiki sawa kwenye gunia. Punje chache mno ndizo hubeba sehemu kubwa, kwa hiyo ukitoa zilizovunda, zilizotobolewa na wadudu na zilizosinyaa, umeondoa mzigo mkubwa. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha. Hiyo saba haimwongezei mtoto kitu kama yai au dagaa waliooshwa na kukaushwa vizuri, inaongeza tu milango ya kuvu kuingilia. Na huku Dodoma tuna mtama na uwele, ambavyo kwa kawaida hushambuliwa kidogo kuliko mahindi, lakini tumevifanya chakula cha kuonea aibu mbele ya wageni.

Mtaniuliza kuhusu dona, maana tumehubiriwa dona miaka yote. Dona ina lishe kuliko sembe, ni kweli. Ni kweli pia kwamba sumukuvu hujaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani kile ambacho kukoboa hukiondoa. Kwa hiyo dona ya mahindi safi ni chakula bora, na dona ya mahindi machafu ni hatari kuliko sembe yake. Anayekuuzia dona iliyosagwa tayari kwa bei ya chini kuliko sembe, muulize mahindi ameyatoa wapi. Na pumba iliyokobolewa haipotei, inakwenda kwa ng'ombe, na sehemu ya sumu inarudi kupitia maziwa.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Kelele zilikuwa kubwa huku kwetu. Wengi walisema ni siasa na vita vya biashara. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti: shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mimi kilichoniuma ni kingine. Kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, ni chetu pia. Lakini kipimo kinatafutwa pale mahindi yanapovuka mpaka. Yanayobaki, yanayokwenda mashineni Kongwa au Chemba, hakuna anayeyadai cheti. Na yakikataliwa mpakani yanarudi wapi? Hayatupwi baharini.

Najua jibu la haraka: basi shirika la viwango, TBS, na maafisa afya waingie masokoni, wakamate wauza karanga mbovu. Sitaki. Tukianza hivyo tutawafukuza akina mama wenye mtaji wa elfu hamsini, kiroba kitahama kutoka chini ya meza kwenda nyuma ya nyumba, na bei ya chakula itapanda kwa wale wale tunaosema tunawalinda. Ukitaka punje mbovu itoke kwenye chakula, lazima mtu alipe hasara ya kuitoa. Leo anayeilipa ni ini la mlaji. Afadhali ilipwe na mfuko wa umma: halmashauri ziwe na utaratibu wa kununua uchafu huo kwa bei ndogo ukateketezwe. Wengine hupendekeza ukamuliwe mafuta, lakini sumu nyingi hubaki kwenye mashudu, na tutakuwa tumerudi kwa wale bata mzinga wa 1960.

Na pa kuanzia ni shuleni. Katika shule nyingi wazazi huchangia mahindi na maharage kwa debe ili watoto wale mchana, na ni mpango mzuri ambao umewabakiza watoto wengi darasani. Lakini angalia siku ya kupokea. Kila mzazi anakuja na lake: aliyechambua, ambaye hakuchambua, na yule aliyeleta yaliyokataliwa na dalali kwa sababu "ni ya shule tu". Yote yanamwagwa kwenye rundo moja. Debe moja bovu limeingia kwenye sahani za watoto mia nne, na hata ukija na kipimo cha kisasa, kuchota sampuli ya maana kwenye rundo lile ni shida.

Unyevu, angalau, hauhitaji maabara. Chukua chupa kavu inayoonyesha ndani, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuwekwa stoo. Isipoganda, yapokee, yachambuliwe hapo hapo kwenye turubai kabla ya kuchanganywa na ya wengine. Haitagundua sumu ambayo tayari imo, lakini itazuia stoo ya shule kuwa kiwanda chake.

Chumvi ipo kila duka. Kazi ngumu itakuwa kumpata mjumbe wa kamati ya shule atakayemwambia jirani yake, mbele ya foleni, kwamba debe lake lirudi nyumbani likaanikwe upya. Ndiyo maana ningependa mtendaji wa kijiji awepo siku hiyo, sheria ndogo ikiwa imeshapitishwa na mkutano wa kijiji, ili lawama iende kwa kanuni na mjumbe aendelee kuazimana jembe na jirani yake.