Mgongo ukiuma, kazi inakwenda: sheria ya mafundi wa Walinzi wa Taifa irekebishwe

Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Ukiondoa salamu na sahihi, inasema hivi: kwa kuwa hutakuwa tena mwanachama wa Walinzi wa Taifa, ajira yako ya ufundi inakoma, na hii ndiyo taarifa yako ya siku 30. Shemeji yangu, mume wa dada, alinitumia picha yake kwa WhatsApp usiku bila kuongeza neno hata moja. Kila nikiisoma hasira inapanda upya, na ndiyo maana naandika.

Shemeji ni fundi wa helikopta wa Walinzi wa Taifa (National Guard), jeshi la akiba la majimbo, kwenye jimbo moja hapa Marekani. Siku za kazi ni raia, mtumishi wa serikali kuu, anakatwa pensheni ya kiraia kama karani yeyote wa posta. Wikiendi moja ya mwezi na majuma mawili ya kiangazi ni sajenti. Helikopta ni zilezile, hanga ni lilelile, na bosi wa Jumanne mara nyingi ndiye anayempigia saluti Jumamosi. Hata nguo ni zilezile, maana kifungu cha 709 katika Juzuu ya 32 ya sheria za Marekani kinamtaka avae gwanda la cheo chake muda wote anapofanya kazi hiyo ya kiraia. Na kifungu hichohicho ndicho kinachosema kwamba uanachama ukikoma, kazi nayo inakoma, haraka.

Niliwahi kuingia kwenye hanga lao siku ya familia. Alinifungulia sanduku lake la vifaa: kila spana imekatiwa nafasi yake kwenye sponji, umbo kwa umbo, na jioni nafasi moja ikikutwa wazi, hakuna ndege inayoruka mpaka spana hiyo ionekane. Akanionyesha na ule waya mwembamba unaopitishwa kwenye vichwa vya boliti, umesokotwa kwa namna ambayo boliti moja ikitaka kulegea, waya unaivuta ikaze. Ukisokotwa kinyume, unailegeza. Akapitisha kidole juu yake taratibu, bila kutazama, akasema, "Huu niliufunga mimi." Kulikuwa na waya nyingi za namna hiyo, na aliutambua wake kwa kugusa. Kazi hii inataka vidole, macho, kumbukumbu na roho isiyokubali kusema "itatosha hivyohivyo".

Kisha mgongo ukaanza. Miaka ya kuinama chini ya mashine, kujikunja ndani ya mkia wa ndege, kubeba vyuma. Hospitali ikaona pingili zimesagika. Faili likaenda kwa madaktari wa jeshi, na maswali yao ni ya jeshi: anaweza kuvaa kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi kwa saa nyingi? Anaweza kubeba bunduki na mzigo wake? Anaweza kuishi porini kwenye hema? Kwa baadhi ya hayo jibu lilikuwa hapana. Wakaamua hafai kubaki jeshini. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mtu asiyeweza kubeba fulana ya vita asipelekwe vitani.

Lakini hakuna mtu hata mmoja, katika safari nzima ya lile faili, aliyeuliza kama bado anaweza kufunga waya. Anaweza. Wiki aliyopokea barua alikuwa kazini, anakagua, anatia sahihi, na ndege zinaruka kwa sahihi yake. "Shemeji, spana naishika vilevile," aliniambia nilipompigia. Halafu akanyamaza, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Hapa ndipo ninapopinga kwa nguvu zangu zote. Kazi ya siku za kazi ni kazi ya raia. Serikali yenyewe inasema hivyo. Basi mtu huyo akiumia apimwe kwa kazi hiyo. Aulizwe kama anaweza kuifanya, na kama hawezi, atafutiwe nyingine kama anavyofanyiwa mtumishi mwingine wa serikali mwenye ulemavu. Fundi wa kiraia katika kambi ya jeshi la kawaida, asiye askari, akipata mgongo huohuo anapewa kiti kizuri, au anahamishiwa kwenye ukaguzi, au anazungumza na ofisi ya ajira. Shemeji anapewa siku 30.

Na akitaka kukata rufaa? Mgogoro ukihusu kufaa kwake katika jeshi la akiba, sheria inasema rufaa haivuki mkuu wa Walinzi wa Taifa wa jimbo. Mwaka 2016 Bunge lilifungua mlango kidogo, mafundi wakaruhusiwa kupeleka kwenye vyombo vya nje migogoro ambayo ni ya kiraia tupu. Hatua nzuri. Ila suala la mwili kutofaa kwa jeshi likabaki palepale ndani ya nyumba, mikononi mwa ofisi ileile inayotoa barua.

Najua watakaonijibu. Watasema fundi wa aina hii aliwekwa ili siku kikosi kikiitwa, anayezijua mashine aondoke nazo. Kimbunga kikipiga au vita vikizuka, usianze kutafuta mafundi mtaani. Nakubali, na ni hoja yenye uzito. Mkuu wa jimbo akijaza mahanga yake watu wasioweza kusafiri, siku ya wito atabaki na helikopta zisizo na wa kuzihudumia. Watasema pia kwamba sheria haikumwacha mtupu: fundi anayepoteza uanachama kwa sababu ya afya anahesabiwa kuwa mlemavu kwa ajili ya pensheni, hata kama kazi yake ya kiraia bado anaiweza. Ni kweli. Ila itazameni pensheni yenyewe. Mwaka wa kwanza ni asilimia 60 ya wastani wa mishahara ya miaka yake mitatu ya juu, baada ya hapo asilimia 40, na malipo ya ulemavu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali kuu, yakiwepo yanapunguza zaidi. Mwanamume mwenye watoto shuleni na mkopo wa nyumba, anayeweza kufanya kazi na anayetaka kufanya kazi, anaambiwa akae nyumbani kwa asilimia 40. Huo si msaada unaolingana na alichonyang'anywa.

Inafaa kukumbuka mpango huu ulikotoka. Mei 1958 ndege ya mafunzo ya T-33 ya Walinzi wa Taifa wa Maryland iligongana angani na ndege ya abiria ya Capital Airlines karibu na mji wa Brunswick, watu 12 wakafa. Rubani wa T-33 alinusurika. Alikuwa askari wa akiba na papo hapo mwajiriwa wa kiraia wa kikosi, akisimamia matengenezo ya ndege. Familia za waliokufa zikaishtaki serikali kuu, na swali likawa rubani yule ni mtu wa nani. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ni mtu wa jimbo, akiwa askari na akiwa raia, hivyo serikali kuu haihusiki. Maelfu ya mafundi walikuwa katika hali hiyohiyo: mshahara wao unatoka Washington, lakini ukiuliza mwajiri wao ni nani, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Rais Johnson akatia sahihi sheria ya mafundi Agosti 13, 1968, ikaanza kutumika Januari 1, 1969, na wakawa watumishi wa serikali kuu wenye pensheni. Kwa hiyo sheria hii ilizaliwa kuwalinda mafundi. Ililetwa ili wasiendelee kuwa watu wasio na mwenyewe. Ndiyo maana inauma kuona tangu hapo hadhi zao mbili zimekuwa zikitumika kila upande kuwapunguzia.

Mwaka 2022 fundi mmoja wa zamani kutoka Michigan alifika Mahakama Kuu, kesi ya Babcock. Alisema pensheni yake ya ufundi ni ya utumishi wa kijeshi, kwa hiyo Social Security isimpunguzie malipo ya uzeeni kwa sababu ya pensheni hiyo, maana askari walikuwa na msamaha kwenye makato hayo. Alivaa gwanda kila siku ya kazi, na bila uanachama wa jeshi asingekuwa na kazi. Majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema hapana, kazi hiyo ilikuwa ya kiraia, pensheni ni ya kiraia, akatwe. Makato yenyewe Bunge limeshayafuta, Rais Biden alitia sahihi Januari 2025, na wastaafu wengi wamepumua. Lakini maneno ya mahakama yapo: kazi ile ni ya raia. Sasa yawekeni karibu na barua ya shemeji. Fundi akidai haki ya askari anaambiwa yeye ni raia. Akitaka kubaki kwenye kazi ya raia anaambiwa hafai kuwa askari.

Bima ya afya ni hivyohivyo. Askari wa akiba wa kawaida, muuza duka au dereva wa lori anayesimama naye mstari mmoja wikiendi, anaruhusiwa kununua bima ya jeshi kwa bei nafuu. Fundi haruhusiwi, kwa kuwa anaweza kupata ile ya watumishi wa umma ambayo ni ghali zaidi. Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa zuio hilo mwishoni mwa 2019, kisha likapanga ianze Januari 1, 2030. Miaka kumi ya kusubiri!

Saa za ziada hawalipwi. Kifungu cha 709 kinasema watapewa muda wa kupumzika badala ya fedha, basi.

Lipo jambo moja lililonipa moyo. Mei 2023, katika kesi ya Walinzi wa Taifa wa Ohio na chama cha wafanyakazi, majaji saba dhidi ya wawili wa Mahakama Kuu waliamua kwamba jimbo linapowasimamia mafundi hawa linatenda kama ofisi ya serikali kuu, hivyo ni lazima lizungumze na chama chao. Ohio walitaka kujitoa kabisa kwenye mazungumzo hayo. Wangeshinda, fundi mwenye barua ya siku 30 asingekuwa hata na mtu wa kukaa upande wake wa meza. Shemeji alikaa na mwakilishi wa chama, mzee aliyeshawahi kuwa fundi wa magari ya kikosi, aliyemsomea kila mstari na kumwonyesha fomu ya pensheni ya ulemavu kabla siku hazijapita. Ofisi yenyewe haikumweleza habari ya fomu hiyo.

Ninachotaka kinawezekana, na Bunge limeshaonyesha njia. Sheria ya ulinzi ya mwaka wa bajeti 2016 iliagiza sehemu ya nafasi hizi za hadhi mbili, kama asilimia 20, zigeuzwe kuwa za kiraia kabisa, bila sharti la uanachama. Baadaye kiwango kikapunguzwa kwa sababu majimbo yalilalamika, lakini nafasi kadhaa ziligeuzwa, na mahanga hayakufungwa. Basi fundi akitolewa jeshini kwa sababu ya afya, baada ya miaka ya utumishi safi, awe wa kwanza kupewa nafasi ya namna hiyo iliyo wazi katika jimbo lake, kabla haijatangazwa nje. Iandikwe ndani ya kifungu cha 709, isiachwe kwa huruma ya mkubwa aliyepo. Na swali la kwanza liwe kuhusu kazi yenyewe: hii unaiweza au huiwezi?

Ndugu zangu wa huku, nasema na ninyi kwa sababu watoto wetu wengi wanaingia Walinzi wa Taifa kwa ajili ya ada ya chuo, na wenye mikono mizuri wanapewa kazi hizi za ufundi. Nyumbani tunashangilia, tunapiga simu Tanga na Kisumu, kijana kapata kazi ya serikali. Ni kazi nzuri, siikatai. Lakini kwenye fomu ya ajira upo mstari unaosema uanachama wa jeshi ni sharti la ajira, na vijana wanautia sahihi wakiwa na miaka 22 na mgongo mzima. Usomeni pamoja naye mezani.

Na mkononi awe na cheti. Shemeji amekagua helikopta zilizobeba wanajeshi, lakini karakana ya ndege za abiria haimruhusu atie sahihi peke yake mpaka apate leseni ya fundi kutoka mamlaka ya anga ya kiraia, FAA. Miaka yake ya kazi jeshini inahesabiwa. Miezi 30 ya uzoefu inatosha kumruhusu kukaa kwenye mitihani ya fremu (mwili wa ndege) na injini pamoja. Ila mitihani lazima aifanye, ya maandishi, ya mdomo na ya vitendo, na ada yake si ndogo. Aliye bado ndani ya gwanda anaweza kuomba jeshi limlipie. Akishatoka, huenda akajilipia. Shemeji anasoma usiku sasa hivi, akiwa amelala chali sakafuni, kwa sababu kiti hakimruhusu. Kijana wako kama yuko kwenye hanga leo, mwambie aombe mwezi huu.