Kirundi hakisomeki kwa macho ya Kiswahili

Anayeanza kujifunza Kirundi karibu kila mara hukabidhiwa jedwali la herufi. A ya amata, i ya inka, u ya umuntu, na kuendelea. Kwa Mzungu sina neno, jedwali lina kazi yake. Kwa sisi tuliokulia kwenye Kiswahili naona ndilo linalotuharibu mapema. Herufi tunazijua, irabu ni zilezile tano, na maneno yanatuchekea kama ndugu wa shambani: inyama, amazi, igitabo, inzoka. Mtu anamaliza jedwali kabla chai haijapoa, anachukua gazeti la Bujumbura na kumsomea Mrundi kwa sauti. Mrundi, kwa adabu zake, anamwomba arudie. Anarudia. Anaombwa tena.

Kiswahili kinatusaidia sana kupata maana za Kirundi, ila kwenye matamshi kinatutega. Ndiyo maana nasema Mswahili anayeanza aweke maandishi pembeni kwanza, asikilize.

Yapo mepesi, niyapitie haraka. Q na x hazimo. C husomwa kama ch yetu, kwa hiyo Cankuzo ni Chankuzo na Cibitoke ni Chibitoke. Burundi tuko nayo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na bado kuna watu huku kwetu wanaosema Kankuzo bila hata kusita. Ukikuta Kinyarwanda kimeandika cyane na Kirundi kimeandika cane, neno ni lile lile, na ndilo utakalolisikia kwenye "urakoze cane", asante sana. L nayo haina makao: mwalimu amekuwa umwarimu, kalamu imekuwa ikaramu, shule ni ishure, hela ni amahera. Hizo mbili za mwisho tuliachiwa na Mjerumani sote, wao na sisi, enzi Urundi na Tanganyika zikiwa koloni moja. Pf na ts zinataka mazoezi ya mdomo kidogo tu, kama katika gupfa (kufa) na gutsinda (kushinda).

Kuna kanuni moja ambayo Mswahili akishaielewa anaanza kubahatisha maneno na kupatia. Kiswahili kwa Kirundi ni Igiswahili, Kifaransa ni Igifaransa, lakini Kirundi chenyewe ni Ikirundi. Kwa nini gi huku na ki kule? Angalia konsonanti inayofuata. Ikiwa ni ya mnong'ono, yaani k, t, p, s, f, h na wenzake, basi k iliyotangulia hulegea ikawa g. Ndiyo maana kusoma ni gusoma na kazi ya kufanya ni gukora, ila kuona ni kubona, k yake imesimama palepale kwa sababu b haina mnong'ono. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl. Mkenya aliyewahi kujiuliza kwa nini wenyewe huandika Gĩkũyũ na sisi tunasema Kikuyu, jibu lake ni hilohilo.

Sasa tufike mahali jedwali linapoanza kusema uongo. Tazama w inapokaa nyuma ya konsonanti. Wimbo wa taifa wa Burundi unaitwa Burundi Bwacu. Macho ya Kiswahili yanasoma bwa-chu, laini, kama bwana. Sikiliza kwaya yoyote ya Warundi ikiuimba: kati ya b na w mna kitu kizito kooni, kama bga. Imbwa, yaani mbwa, inasikika karibu na imbga. Twese (sisi sote) inagonga kama tkwese. Mw nayo inapita puani hadi inakaribia mng', kwa hiyo umwami, mfalme, hatamkwi kama mwamini asiyemaliziwa. Ndani yake mna ile ng' ya ng'ombe. Herufi ya kuonyesha sauti hiyo Kirundi hakina wala hakiihitaji, kwa sababu Mrundi akiona mw koo lake linajua la kufanya. La kwako halijui, na jedwali halikukwambia.

Au chukua nt, nk na mp. Umuntu imeandikwa kama mtu mwema tunayemfahamu, lakini kinachotoka mdomoni ni kitu kama umuunhu. T imeyeyuka, imebaki pumzi inayopita puani. Impene, mbuzi, inasikika kama imhene. Jina la Nkurunziza, aliyekuwa rais wa Burundi, tulilisikia miaka yote kwenye taarifa za habari zetu likitamkwa na k kavu iliyokatwa kwa kisu. Kwao k hiyo ni pumzi. Wasukuma hapa wana haki ya kujidai. Wao husema munhu, na huandika munhu, kwa hiyo sauti hii hawaanzii sifuri. Ningekuwa na duka la vitabu Mwanza ningeuza somo la Kirundi lililoandikwa kwa ajili ya Wasukuma peke yao.

Lakini haya yote, ukiyakosea, Mrundi bado atakuelewa. Kinachomchosha ni mkazo wetu. Mswahili akiona neno lolote duniani hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho na kuikanyaga. Hatujui kama tunafanya hivyo, tumezaliwa nayo. Kirundi hakina mkazo wa namna hiyo. Badala yake kina vitu viwili, urefu wa irabu na toni, na vyote viwili maandishi ya kawaida hayavionyeshi.

Urefu tunaufahamu. Kukata si kukataa, na kufa si kufaa, na sisi tuna bahati kwamba huandikwa kwa kuongeza irabu. Kirundi kina irabu fupi na ndefu kwa zote tano, lakini kwenye karatasi zinafanana. Cane inaandikwa hivyo na kutamkwa chaane. Sehemu ya mzigo huo unaweza kuikisia: irabu inayotangulia mb, nd, nk, nz na jamaa zake hurefuka yenyewe, na inayofuata mw, bw, tw hurefuka pia. Kwa hiyo mji ule ni Bujuumbura, mvuto uko kwenye ju, wakati sisi tunaukanyaga kwenye mbu, silabi ya tatu. Zilizobaki hazina njia ya mkato, ni neno moja moja.

Toni ndiyo ngumu zaidi kwetu, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi maneno kwa sauti kupanda na kushuka. Inda ni tumbo. Inda ni chawa. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, kwa sikio la Mrundi hazikaribiani. Mwambie mtu unaumwa inda na ukakosea kupandisha.

Anayedhani toni ni urembo wa lugha tu akatafute muziki wa inanga wa kunong'ona. Inanga ni ubao mrefu uliochimbwa katikati, nyuzi zikapitishwa juu yake, na mpigaji haimbi kwa sauti, ananong'ona maneno. Mnong'ono hauna toni; jaribu mwenyewe kupandisha sauti huku unanong'ona. Nyuzi ndizo zinazobeba kupanda na kushuka kwa maneno, na sikio la msikilizaji linaunganisha viwili hivyo mpaka anahisi kama mtu yule anaimba kweli. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo wa mahali toni inapokaa katika Kirundi.

Najua jibu la Warundi wenyewe, kwa maana ni jibu la haki: sisi tunaisoma hivyohivyo na tunaelewana, alama za nini? Sawa. Gazeti la Kiarabu nalo halina fatha wala kasra, na Mwarabu analisoma akiwa anakunywa kahawa. Lakini hakuna mwalimu wa madrasa anayemkabidhi mtoto wa Tanga au Lamu maandishi makavu siku ya kwanza. Mtoto hupewa irabu zote juu na chini ya herufi, na zinaondolewa baadaye akishazoea. Mwanafunzi mgeni wa Kirundi hapewi hata hizo za kuanzia. Si kwamba kazi haijafanywa: Mbelgiji A. E. Meeussen alichapisha sarufi ya Kirundi mwaka 1959 na toni zake zote zimo, na kamusi za wanaisimu zinazo. Zimebaki kwenye vitabu vya Kifaransa vya wataalamu, huku vijitabu vya wanaoanza na programu za simu zikitugawia jedwali lilelile la a, b, c. Huo naona ni uvivu wa waandishi, na lawama haiiangukii lugha.

Mpaka waamke, daftari lako liwe na safu mbili. Ya kwanza andika kama Warundi waandikavyo, ya pili andika kama ulivyosikia, kwa mazoea yetu ya Kiswahili ya kuongeza irabu: umuntu, umuunhu; cane, chaane; Bujumbura, Bujuumbura. Sauti ikipanda weka alama ya mkwaju (´) juu ya irabu. Usijaze safu ya pili bila kumsikia mtu. Redio ya taifa ya Burundi inafaa kwa kazi hiyo. BBC Gahuza, iliyoanza 1994, inafaa pia, ila humo Kirundi na Kinyarwanda vinapokezana, na sikio changa linaweza kuokota kimoja likidhani ni kingine. Kwa aliye Tanzania, wapo wazee wa Kirundi waliokuja kama wakimbizi 1972 na watoto wao huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na Muha yeyote wa Kasulu atakusogeza mbali sana, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani.

Ukisafiri, usipange Buyenzi, Bujumbura. Ni mtaa mzuri na utakula vizuri, lakini wenyeji wake ni Waswahili watupu. Ukisema mwaramutse, salamu ya asubuhi, utajibiwa kwa Kiswahili na somo litaishia hapo. Panda gari uende Ngozi au Gitega.