Maziwa "mepesi" na kopo la shangazi

Mdogo wangu alijifungua wiki ya 30, mtoto wa gramu 1,300. Ulikuwa msimu wa korosho: nusu ya ukoo iko mashambani Tandahimba, nusu iliyobaki imejaa kwenye benchi nje ya wodi, hapa Mtwara mjini, kila mmoja na ushauri wake. Shangazi yeye alikuja na kopo la maziwa ya unga, kalificha ndani ya kitenge. Akachungulia kikombe alichokamulia mdogo wangu, akaguna. "Haya si maji haya, mwanangu? Mtoto atanenepa na haya?"

Nilimkasirikia. Ila tukisema haki, hakukosea kote. Mililita 100 za maziwa ya mama zina protini kama gramu moja hivi, na njiti ametoka tumboni kabla hajapewa akiba yake ya kalisi na fosforasi. Ndiyo maana hospitali zenye uwezo huongeza kirutubishi maalumu ndani ya maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 halikusema kila njiti apewe; lilisema kinaweza kufikiriwa kwa aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5. Huyu wetu anaingia humo kabisa.

Lakini kirutubishi si unga wa kopo. Kile hupimwa kulingana na mililita za maziwa ya mama. Kijiko cha kukadiria kinafanya maziwa kuwa mazito kuliko utumbo mchanga unavyoweza, na unga wenyewe si salama dhidi ya vijidudu. Kopo likarudi nyumbani, likaishia kwenye chai.

Linaloniudhi mpaka leo lilitoka kwa wenye sare. Siku ya tano muuguzi alivuta kwa bomba la sindano kupitia mpira wa puani, akakuta mililita 2 za maziwa zimebaki. Basi, mtoto asilishwe mpaka kesho. Tumbo laini, hajatapika, anajinyoosha vizuri tu! Utumbo wa njiti unasukuma polepole, na mabaki peke yake ni ushahidi dhaifu. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika kijani, kinyesi kikiwa na damu au akilegea, hapo sawa, simamisha na daktari aitwe mbio, maana utumbo unaweza kuwa unaoza. Bila dalili hizo, kumwacha na njaa nako kuna gharama: utumbo usiopata maziwa unachelewa kukomaa, na dripu ikikaa sana inaleta maambukizi.

Sista wa zamu ya usiku ndiye aliyetufaa. Alimfundisha mdogo wangu kuweka kando maziwa yanayotangulia na kumpa mtoto yanayofuata, yenye mafuta zaidi. Protini haiongezeki kwa njia hiyo, ila nguvu inapatikana, tena bila senti.

Shangazi siku hizi analeta ugali na mchuzi wa samaki, mchana na jioni. Mchango huo ndio niliokuwa nautaka tangu mwanzo. Yule binti alikuwa anakamua mara nane kwa siku kwa chai ya rangi na andazi moja.