Kabla ya Kumchagua Mrushaji, Mtenganishe na Timu Yake

Machi 2025, usiku wa drafti (kugawana wachezaji kwa zamu) ya ligi yetu ya besiboli ya fantasi, shemeji yangu alinipigia simu saa ya kuchagulia ikimkimbiza. Yeye anakaa Everett, mimi Tacoma, na katikati yetu iko Seattle na uwanja wa Mariners.

"Shemeji, Logan Gilbert, yule mrushaji wa Mariners, bado yupo. Lakini si ndiye huyu aliyeshinda mechi tisa mwaka jana akapoteza kumi na mbili? Nimfanyie nini?"

"Mchukue."

"Kumi na mbili, shemeji!"

"Mchukue, nitakueleza kesho."

Alimchukua kwa shingo upande, na kesho yake akanidai maelezo. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo muda wa chai haukutosha.

Swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza anajua kwamba kipa akifungwa pointi zinapotea, na timu ikishinda mambo yananyooka. Akija kwenye besiboli anakuta kila mrushaji ameandikiwa ushindi na vipigo pembeni ya jina lake, kana kwamba alicheza peke yake. Namba hiyo ndiyo inayoonekana kwanza, na ndiyo inayodanganya kuliko zote.

Rick Porcello wa Boston alishinda mechi 22 mwaka 2016, akapoteza nne tu, akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Mwaka uliofuata akashinda 11, akapoteza 17. Aliyemnunua Machi 2017 kwa sababu ya zile 22 alinunua kitu ambacho nusu yake hakikuwa cha Porcello. Ilikuwa kazi ya wapigaji wa Boston, waliokuwa wakimtafutia mikimbio, yaani pointi, kila alipopanda kilimani kurusha. Tazama upande wa pili. Félix Hernández wa Seattle alipata Cy Young mwaka 2010 akiwa na ushindi 13 na vipigo 12. Jacob deGrom alipata yake 2018 akiwa na ushindi 10 tu, na ERA yake ilikuwa 1.70. Paul Skenes wa Pittsburgh, 2025: alishinda 10, akapoteza 10, ERA 1.97, na wapiga kura wote wakamweka wa kwanza.

ERA, kwa anayeanza, ni wastani wa mikimbio ambayo mrushaji mwenyewe anabebeshwa kwa kila iningi tisa, yaani urefu wa mechi moja ya kawaida. WHIP ni idadi ya watu anaowaruhusu kufika beisi, kwa hiti (mpira uliogongwa ukamfikisha mpigaji beisi) au kwa beisi ya bure (anayopewa mpigaji mrushaji akikosa eneo la kupigwa mara nne), katika kila iningi moja. Hiyo WHIP aliibuni Daniel Okrent mwaka 1979, na ni yeye huyo ambaye mwaka 1980 alianzisha na wenzake ligi ya Rotisserie, iliyopewa jina la mkahawa wa Kifaransa walikokuwa wakikutana New York. Ligi zetu nyingi za leo ni wajukuu wa ile. Mrushaji wa kuanza anatuletea vitu vinne: ushindi, straiki (wapigaji anaowatoa kwa straiki tatu), ERA na WHIP.

Sasa rudi kwa Gilbert. Mwaka 2024 hakuna mrushaji katika ligi nzima aliyerusha iningi nyingi kuliko zake 208 na ushei. Hakuna aliyekuwa na WHIP ndogo kuliko yake, 0.89. Aliwatoa wapigaji 220 kwa straiki. Katika vitu vinne alikuwa bora au karibu na bora katika vitatu, na kile cha nne kiliharibiwa na wapigaji wa Seattle, ambao mwaka ule walikuwa wakirejea benchi na fimbo zao kama watu waliotumwa dukani wakakuta limefungwa. Mtu wa namna hiyo ukimkuta anashushwa kwenye foleni kwa sababu ya vipigo 12, usipepese macho.

Msimamo wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuubadili: mpime mrushaji kwanza kwa yale ambayo mwenzake hayagusi. Ni matatu. Wangapi anawatoa kwa straiki, wangapi anawapa beisi ya bure, na mipira mingapi inamtoka uwanjani kwa homurani. Hapo ni yeye na mpigaji tu, hakuna mlinzi anayesogeza mguu. Mpira ukishagongwa ukabaki ndani ya uwanja, kazi inakuwa ya watu wengine, pamoja na bahati.

Hili la bahati ndilo gumu kumweleza mtu. Mwaka 2001 Voros McCracken aliandika kwamba warushaji hawatofautiani sana katika kuzuia mipira iliyogongwa ndani ya uwanja isiwe hiti. Wengi walimbishia, na kweli baadaye ilionekana kwamba tofauti ndogo ipo. Lakini msingi wake umesimama hadi leo. Kati ya mipira kumi inayogongwa ikabaki uwanjani, karibu mitatu huwa hiti, awe anarusha bingwa au mtu wa kawaida. Ukimwona mrushaji ambaye kwake ni miwili tu kwa kumi, usiseme amegundua siri. Subiri. Ukimwona ambaye kwake ni minne, msubiri pia, ila huyo wa pili msubiri ukiwa umeshamchukua kwa bei ya chini.

Ndiyo maana kuna kipimo cha FIP, kinachohesabu homurani, beisi za bure, wapigaji waliogongwa na mpira na straiki peke yake, kisha kikapangwa kifanane na ERA ili tuvilinganishe bega kwa bega. Spencer Strider wa Atlanta mwaka 2023 alikuwa na ERA 3.86 na FIP 2.85. Pengo kama hilo linapotokea, mimi huamini FIP.

Kwa drafti, hata hivyo, natumia hesabu nyepesi zaidi ambayo mtu anaweza kuifanya akisubiri daladala. Chukua asilimia ya wapigaji anaowatoa kwa straiki, toa asilimia ya anaowapa beisi ya bure. Mrushaji wa kawaida wa ligi kuu anawatoa kama 22 kwa mia na kuwapa kama 8, kwa hiyo anabaki na 14 hivi. Anayefika 20 ni mtu wa kupigania. Aliye chini ya 10 simtaki, hata kama ERA yake inang'aa.

Jaribu hesabu hiyo kwa wawili wa mwaka 2023. Blake Snell, akiwa San Diego, alipata Cy Young kwa ERA ya 2.25. Aliwatoa watu 234 kwa straiki, lakini pia aliwapa 99 beisi ya bure, na hakuna aliyetoa nyingi kuliko yeye. George Kirby wa Seattle alirusha iningi 190 na ushei, straiki 172, beisi za bure 19. Kumi na tisa kwa msimu mzima! ERA yake ilikuwa 3.35, kwa hiyo hakuikaribia tuzo. Lakini ukitoa asilimia moja kwa nyingine Snell anabaki na 18 hivi, Kirby na 20. Snell aliokoka kwa sababu katika kila watu mia waliofika beisi kwake, karibu 87 waliachwa hapo hapo bila kufika nyumbani, wakati kwa mrushaji wa kawaida ni kama 72. Kuna ustadi humo, sikatai, kwa sababu mtu mwenye straiki nyingi anaweza kujitoa shimoni. Ila 87 haikai. Na kwa WHIP yetu, zile beisi 99 ziliuma kila wiki.

Nimemtazama Kirby mara nyingi kutoka viti vya juu, upande wa beisi ya tatu, ambako tiketi ni nafuu na upepo wa baharini unakupiga usoni. Mpigaji anasimama, Kirby anatupa mpira wa kwanza kwenye kona ya chini, straiki. Wa pili karibu palepale, mpigaji anaugusa kidogo unaenda nje, straiki mbili. Mshikaji mpira anausogeza mkono wake upana wa kiganja tu, na mpira unakwenda kumfuata mkono. Mtu aliyenunua tiketi kwa ajili ya vishindo anaweza kuchoka. Mimi huona kazi ya fundi seremala anayepiga randa ubao mmoja mara mia bila kuukwaruza. Kasoro yake ni hiyo hiyo: kwa kuwa kila mpira uko karibu na eneo la kupigwa, siku mkono ukiwa mzito wapigaji wanajipatia. Lazima ukubali hayo ukimchukua.

Homurani nazipa nafasi ya tatu kwa sababu hupanda na kushuka ovyo. Corbin Burnes mwaka 2019, akiwa Milwaukee, alirusha iningi 49 tu na kupigwa homurani 17. ERA 8.82. Karibu kila mtu alimtupa. Lakini katika iningi hizo 49 alikuwa amewatoa watu 70 kwa straiki, na mkono unaoweza hivyo haujafa. Aliuacha mpira wake wa kasi ulionyooka, uliokuwa ukimuumbua, akautegemea ule unaokata kidogo mwishoni. Mwaka 2020 ERA yake ikawa 2.11, na 2021 akachukua Cy Young. Namba peke yake isingekwambia kwamba angebadilika. Ila ingekwambia usimzike.

Uwanja nao uangaliwe, ingawa si kwa muda mrefu. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unakaribia mwinuko wa Nairobi, na katika hewa nyepesi mpira unaruka mbali na miviringo ya mrushaji inapungua makali. Tangu 2002 wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu uliopimwa, ikasaidia, lakini bado mrushaji wangu akienda Denver huwa namketisha. Uwanja wa Seattle ni kinyume chake: baridi ya jioni na hewa ya bahari huuchelewesha mpira, na mrushaji wa wastani anaonekana mzuri.

Linaloninyima usingizi ni iningi. Mwaka 2014 warushaji zaidi ya thelathini walifikisha iningi 200. Mwaka 2024 walikuwa wanne tu, Gilbert mmoja wao. Makocha wanawatoa mapema, kwa sababu wapigaji wakimwona mrushaji yuleyule mara ya tatu katika mechi moja wanakuwa wameshamsoma. Mrushaji wa kuanza akitolewa kabla ya kumaliza iningi tano haandikiwi ushindi hata timu ikiongoza kwa mikimbio kumi. Kwa hiyo mtu kama Logan Webb wa San Francisco, asiyekuwa na mbwembwe za kasi, anayekuletea iningi sita sita msimu hadi msimu, nampandisha juu kuliko wenzangu wanavyompandisha. Walikuwa wakisema straiki zake hazitoshi. Iningi 200 zenye straiki za wastani zinakuletea nyingi kuliko iningi 110 za mtu anayetisha, halafu miezi mitatu anauguza kiwiko.

Na viwiko vinaumia. Ngoma ikilia sana hukaribia kupasuka. Strider alishinda mechi 20 mwaka 2023 na kuwatoa watu 281 kwa straiki, na mwaka 2024 alianza mechi mbili tu kabla ya kupasuliwa. DeGrom mwaka 2021 alikuwa na ERA 1.08, jambo ambalo macho yanakataa kuliamini, lakini aliishia mechi 15. Sandy Alcantara alirusha iningi 228 mwaka 2022 akapata Cy Young, na mwaka 2024 hakurusha hata moja. Upasuaji wa kano ya kiwiko uitwao Tommy John, ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza 1974, unamweka mtu nje mwaka mzima au zaidi. Sijui namba inayotabiri siku kano ya kiwiko itakapokatika, ila kuna dalili moja ninayoifuata kila Aprili: kasi. Mrushaji akipungukiwa na maili mbili kwa saa katika mechi mbili mfululizo, na hali ya hewa si baridi kali, naanza kutafuta wa kubadilishana naye kabla habari haijatoka.

Hilo lilitugusa. Mwishoni mwa Aprili 2025 Gilbert aliumia mkono chini ya kiwiko, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Shemeji akanipigia. Hakunilaumu, maana ni mtu wa heshima, aliuliza tu kama amwache aende. Nilimwambia asome namba za mechi zile chache alizocheza: straiki zake zilikuwa zimepanda juu ya za 2024, na beisi za bure hazikuwa na tatizo. Mkono unaumwa, ufundi haujaondoka. Ana nafasi ya majeruhi kwenye kikosi, amweke humo.

Gilbert alirudi Juni. Jioni hiyo shemeji alikuja kwangu na watoto, tukaweka mechi kwenye televisheni, sambusa zikiwa bado jikoni. Sauti tuliipunguza. Sote wawili tulikuwa tumeinama mbele, tunasubiri mpira wa kwanza utoke mkononi, na ile namba ndogo ya kasi ijitokeze pembeni ya kioo.