Macho au Masikio: Inategemea Unaishi Wapi

Chini ya kisanduku cha kitufe cha kuvukia barabara, katika sehemu nyingi za Uingereza, kuna kijiti kifupi chenye umbo la pia ambacho huzunguka pale taa ya waenda kwa miguu inapowaka kijani. Hapa Birmingham nimekipita miaka na miaka bila kujua kuwa kipo, mpaka juzi vidole vyangu vilipokigusa. Kimewekewa mtu asiyeona, na hasa asiyeona wala kusikia, ili mkono wake umjulishe kwamba ni zamu yake kuvuka. Nilisimama pale nikakingoja kizunguke tena, na watu wakanipita bila hata mmoja kuniuliza nimepatwa na nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo mama, nilipomgusia kwa simu, alilikata papo hapo akaniambia nisijipigie uchuro. Lau ingelazimu nipoteze kimoja, ningekubali yaende macho au masikio? Najua Mwenyezi Mungu haulizwi, wala simchagulii. Lakini nimejikuta nina majibu mawili: nikiwa huku, heri yaende masikio, nikiwa Mombasa, heri yaende macho.

Huku mambo mengi huandikwa. Basi lina kioo kinachoonyesha jina la kituo kinachofuata, televisheni ina maneno chini ya picha, na vifaa vya kusaidia kusikia hutolewa bure na huduma ya afya ya taifa pamoja na betri zake. Isitoshe, cha kusikiwa chenyewe ni haba, maana abiria wenzangu wameziba masikio yao kwa hiari, na jirani ninayepakana naye ukuta namjua kwa jinsi mlango wake unavyofungwa, basi. Viziwi wa huku huenda wakanipinga, na watakuwa na haki: lugha yao ya ishara ilitambuliwa kwa sheria mwaka 2022 tu, ilhali Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 120, ilishaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hapo niliwatambia wafanyakazi wenzangu kwa fahari kubwa, nikanyamaza nilipokumbuka kaunta za ofisi zetu na nani hasa angemjibu kiziwi kwa mikono.

Mombasa, kwa upande wake, huishi kwa mdomo. Nauli hupanda kwa sauti ya makanga mvua ikianza kunyesha, muuza kahawa hutambulika kwa mlio wa vikombe vyake, na msiba hutangazwa kwa kipaza sauti kabla hujaona mtu analia. Mtaani kwetu Mji wa Kale palikuwa na mwalimu wa chuo asiyeona, ambaye barazani hapakosi wa kumshika mkono, kahawa humfikia kwanza, na ubishi ukichacha huulizwa yeye. Baraza hilohilo lilikuwa na fundi cherehani kiziwi, mshonaji hodari wa kanzu. Watu wakiangua kicheko, yeye hutazama nyuso zao kwanza, kisha hucheka, na wakati huo wenzake wameshahamia habari nyingine.

Nawasikia mnaosema nimeshajifanya mzungu, tena kwamba kipofu wa Mombasa atatumbukia shimoni kabla hajafika Mwembe Tayari. Shimo silikatai. Mifuniko imeuzwa kwa kilo, njia ya miguu imegeuzwa duka la mitumba, na mkokoteni hauna honi. Ninachosema ni kwamba kabla hujaanguka, midomo kumi itakuwa imeshakupigia ukelele, na mmoja atakuvusha. Wala sisemi hilo latosha, kwa sababu mtu mzima anastahili kuvuka barabara bila kungoja huruma ya mpita njia, na hicho ndicho kijiti kile kinachompa. Ila kijiti hakikuulizi watoto hawajambo.

Kuna na jambo la tiba. Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikuu cha upofu kwetu, huondolewa kwa upasuaji usiomaliza saa moja, lakini sikio lililoharibiwa na kelele halirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki. Sasa panda matatu yenye spika chini ya viti, kisha uniambie kama wimbo mmoja tu hautoshi kukutikisa kifua. Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu 2009. Nilipokuja likizo nilimwomba makanga apunguze muziki, na kabla hajafungua kinywa abiria wakamjibia kwamba huyu ameharibiwa na ukimya wa Ulaya. Haya, nimeharibiwa. Lakini kijana yule, ambaye riziki yake yote ni kuita na kuitikia, akifika umri wangu atamsikiaje abiria anayegonga bati ashushwe?