Uliza urefu wa mbao kabla hujachagua ramani

Mtu akitaka kujenga kijumba cha mbao shambani siku hizi, cha kwanza anachonionyesha ni picha kwenye simu. Mara nyingi ni kile cha umbo la A: paa limeshuka hadi chini, kioo kikubwa mbele, milima yenye theluji nyuma. Mimi huuliza jambo moja tu. Mbao utanunua wapi, na huko zinauzwa za urefu gani? Akishanijibu hilo, nusu ya ramani imeshajichora yenyewe.

Nichukue Mufindi, mkoani Iringa, kwa kuwa ndiko mbao ziliko. Sao Hill ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa Tanzania, na ukipita Mafinga unaziona mbao za paina zimepangwa kwa marundo. Mbao ya kawaida sokoni ni futi 12. Iwe ya inchi mbili kwa nne, mbili kwa sita au moja kwa nane, kwa kawaida utapewa futi 12. Sasa fikiria mtu anayekuja na ramani ya mita 4 kwa 5. Mita 4 ni futi 13 na inchi moja na kidogo. Kwa sababu ya hiyo futi moja, ama aunge kila mbao, ama aagize ya kupasuliwa maalumu kwa bei ya maalumu. Angepunguza upana kidogo tu, asingesumbuka.

Pwani wamelijua hili kwa karne nyingi. Ingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe, Unguja: vyumba ni virefu lakini vyembamba. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wake, kwa hiyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka boriti hizohizo hadi Ghuba ya Uajemi, na huko nako vyumba vikajengwa kwa kipimo hicho. Ni nyumba nzuri mno, na uzuri wake ulianzia kwenye mti uliopatikana.

Kwa hiyo ramani ninayoipendekeza kwa mtu mmoja au wawili ni futi 12 kwa 18, karibu mita 20 za mraba. Kitanda, meza, jiko dogo, na kibaraza ukipenda. Umbo la A silipendi kwa mazingira yetu. Kule lilikotoka, paa la mteremko mkali linamwaga theluji. Sisi tuna mvua, na mvua inaridhika na paa la kawaida. Tena kuta zinazoinama zinakunyang'anya sakafu: umeilipia hadi ukingoni, lakini kabati haliwezi kusimama pale.

Tazama sasa jinsi 12 kwa 18 inavyokaa. Unasimamisha vikingi 12 vya zege, yaani nguzo fupi, katika safu tatu, vinne kila safu, futi 6 kutoka kimoja hadi kingine. Juu ya kila safu unalaza mhimili wa mbao mbili za mbili kwa nane zilizopigiliwa pamoja. Mbao ya kwanza inaanza na futi 12 na kumalizia na 6. Mwenzake inaanza na 6 na kumalizia na 12. Maungio yanaangukia juu ya vikingi, na hayakutani mahali pamoja. Kila mhimili unakula mbao tatu kamili, bila kipande cha kutupa.

Boriti za sakafu ni mbili kwa sita, nazo hazikatwi kabisa, kwa kuwa upana wa nyumba ndio urefu wake. Hapa naomba uwe makini na nafasi. Vitabu vingi vya ujenzi vya Marekani vinasema inchi 16 kati ya boriti na boriti. Kwa kipimo hiki tumia 18. Futi 6 ni inchi 72, na 72 ukiigawa kwa 18 unapata 4 kamili. Ukiigawa kwa 16 unabaki hewani. Maana yake ni kwamba mbao za juu za kukanyagia, nazo za futi 12 na nusu zake, zitaungana palipo na boriti ya kupigilia msumari. Boriti 13 zinatosha. Zikiwa na mhimili katikati, kila moja inavuka futi 6 tu, na sakafu hainesi hata watoto wakirukaruka.

Kabla ya kulaza kila boriti, iangalie kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha. Karibu kila mbao ina kipindo. Mgongo, yaani upande uliobinuka, ukae juu, uzito utaushusha wenyewe. Halafu pima pembe kwa pembe: vipimo viwili vya mshazari vikilingana, futi 21 na zaidi kidogo ya inchi 7 na nusu, pembe zote za sakafu yako ni nyuzi 90. Visipolingana, sukuma sasa, kwa sababu kosa la sakafu litapanda ukutani mpaka kwenye bati.

Mchwa usiwafanyie mzaha. Vikingi viinuke angalau sentimeta 45 ili mtu aweze kuingia chini na tochi, na juu ya kila kikingi weka kofia ya bati iliyokunjwa kingo kuelekea chini. Haiwazuii kabisa, ila inawalazimisha kujenga njia yao ya udongo kwa nje, ambako utaiona. Mbao iliyotiwa dawa ukiikata, pakaa dawa tena pale ulipokata, maana mara nyingi dawa haikufika ndani. Na mbao za juu zikaushe kivulini miezi miwili mitatu, zikiwa zimetenganishwa na vipande vyembamba. Ukizipigilia mbichi zitasinyaa, na baridi ya Juni ya Mufindi itapenya kwenye nyufa. Kwenye ncha za mbao, gonga kwanza ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu kidogo. Hapo mbao haipasuki ovyo.

Kazi hii ya sakafu nasisitiza uifanye mwenyewe, wewe na mtu mmoja wa kukushikia. Iko chini, haina ngazi, na chombo kikubwa kuliko vyote ni msumeno na pimamaji. Ukiimaliza utakuwa umeishika kila mbao inayobeba nyumba, na fundi akija kwa ajili ya kuta utajua anachokifanya na utajua cha kumuuliza. Paa mwachie yeye. Huko ndiko watu wanakoanguka.